Je, Mtu Mzima Hubadilika Tabia? Na Akibadilika, Maisha Yake Hubadilika?



Kuna neno moja linalovuruga mikutano ya vikundi kuliko hata upungufu wa pesa. Neno lenyewe ni hili: "Yule ndivyo alivyo." Likishasemwa, shauri limekwisha. Kijana aliyetapanya mkopo wa kwanza hapewi wa pili. Mama ambaye miaka minne iliyopita alikuwa mtu wa kugombana na kila jirani hapigiwi kura ya ukarani, hata kama siku hizi ndiye anayepatanisha wengine. Na yule aliyekuwa mweka hazina akala pesa za wenzake, kisha akazilipa zote kidogo kidogo na kuomba kurudi, hujibiwa kwa methali: samaki mkunje angali mbichi.

Kwa samaki methali hiyo ni kweli kabisa. Kwa binadamu je? Tumeona heri tulichambue swali hili bila haraka, kwa sababu vikundi vyetu hukata mashauri makubwa kwa kutegemea jibu lake: nani akopeshwe, nani ashike ufunguo wa sanduku, nani arudishwe. Na jibu lake si la kubahatisha tena. Kuna watu ambao wamefuatwa na watafiti tangu wakiwa watoto wadogo mpaka wakawa watu wazima wenye familia zao, na tabia zao zikapimwa njiani mara kwa mara.

Tabia tunayosema hapa ni ipi?

Si adabu peke yake, wala si ulevi au wizi. Wataalamu wa saikolojia, yaani elimu ya nafsi na mwenendo wa binadamu, hugawa tabia katika mafungu matano. La kwanza ni bidii na uangalifu: mtu huyu humaliza alichoanza, hutunza wakati na hukumbuka deni lake. La pili ni utulivu wa moyo: je, shida ndogo humtikisa mtu huyu akakasirika au akakata tamaa, au hutulia akatafuta njia? La tatu ni wema wa kushirikiana na wenzake. La nne ni uchangamfu mbele ya watu. La tano ni hamu ya kujifunza mambo mapya. Kila mtu anayo yote matano, ila kwa kipimo chake, kama chumvi katika mboga.

Kwa mambo ya kikundi, mawili ya kwanza ndiyo yenye uzito zaidi, na hayo ndiyo tutakayoyafuata.

Samaki amekauka au bado?

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walikusanya matokeo ya vikundi 92 vya watu waliopimwa tabia zaidi ya mara moja, wengine baada ya miaka mingi. Waliona kwamba tabia haigandi mtu akifika miaka 18, wala 21, wala 30. Kwa wastani watu huongeza bidii na uangalifu kadiri wanavyokua, na mioyo yao hutulia. Mabadiliko makubwa zaidi hutokea kati ya miaka 20 na 40. Hebu fikiria: hiyo ndiyo miaka ambayo watu wengi huingia kikundi kwa mara ya kwanza! Sisi huwahukumu wakati ule ule ambapo tabia zao ziko mbioni.

Kuna uchunguzi mwingine wa Scotland ambao ulishangaza hata wenye kazi hiyo. Mwaka 1950 walimu waliulizwa juu ya wanafunzi wa miaka 14: huyu ana uvumilivu? anajiamini? ni mwangalifu? Mwaka 2012, wanafunzi 174 kati ya wale, sasa wakiwa wazee wa miaka 77, walipimwa tena kwa maswali hayo hayo. Karibu hakukuwa na uhusiano kati ya picha ya mwalimu na picha ya mzee. Ni kweli kwamba watu 174 si wengi, na aliyepima mara ya kwanza siye aliyepima mara ya pili, kwa hiyo tusiubebeshe uchunguzi huu mzigo mkubwa. Lakini yeyote anayemnyima mwenzake nafasi kwa sababu ya alivyokuwa shuleni na afikirie mara mbili.

Tukumbuke pia kwamba wastani ni wastani. Wako wanaopanda, wako wanaobaki palepale, na wako wanaoshuka. Sasa wale wanaopanda wanapata nini?

Watoto wa Dunedin

Huko New Zealand kuna mji unaoitwa Dunedin. Watoto 1,037 waliozaliwa mjini humo kati ya Aprili 1972 na Machi 1973 walianza kufuatwa wakiwa na umri wa miaka 3. Wazazi, walimu na watafiti waliandika jinsi kila mtoto alivyoweza kujizuia: kungoja zamu yake, kutuliza hasira, kumaliza kazi aliyopewa. Walipofika miaka 32 waliangaliwa upya: afya yao, akiba yao, madeni yao, na kama wamewahi kuhukumiwa mahakamani.

Matokeo yalitangazwa mwaka 2011. Kati ya wale ambao utotoni hawakuweza kujizuia kabisa, yaani fungu la tano la chini, 43 katika kila 100 walikuwa wamehukumiwa kwa kosa fulani. Katika fungu la tano la juu walikuwa 13 tu. Kwa akiba, madeni na afya ilikuwa vivyo hivyo: ngazi ilishuka hatua kwa hatua kutoka kwa waliojizuia zaidi hadi kwa waliojizuia kidogo. Na hili lilionekana hata walipolinganisha watoto wa nyumba zenye mapato sawa na wenye akili sawa.

Mtu wa "yule ndivyo alivyo" atafurahi hapo na kufunga kitabu. Lakini asifunge kwanza. Kama 43 walihukumiwa, basi 57 hawakuhukumiwa, na hao walitoka katika fungu lile lile baya. Tena watafiti waliona kwamba wale ambao uwezo wao wa kujizuia uliongezeka kati ya utoto na ujana waliishia pazuri kuliko ilivyotarajiwa kwa kuangalia utoto wao peke yake. Kupanda kwenyewe kulikuwa na faida, hata kwa aliyeanzia chini.

Waliona pia jambo ambalo wazazi wanapaswa kulisikia. Sehemu ya hasara ya wale wasiojizuia ilipitia katika mitego mitatu ya ujana: kuanza sigara wakiwa na miaka 15, kuacha shule mapema, na kupata mtoto bila kupanga. Mitego hiyo hufunga milango ambayo baadaye hata mtu akitulia ni vigumu kuifungua. Kijana aliyevushwa salama hapo, hata kama bado ni mkorofi, ana nafasi ya kutulia baadaye huku milango ingali wazi. Kwa maoni yetu, karo ya msichana mmoja aliyekaribia kuacha shule ni kazi ya kikundi kama ulivyo mradi wa kuku.

Kisiwani Iceland walifanya hesabu iliyo karibu zaidi na swali letu. Makundi mawili ya vijana yalifuatwa kwa miaka 12, tangu wakimaliza shule mpaka wakakaribia miaka 30. Wale waliozidi kutulia moyo katika miaka hiyo walikuwa na mapato makubwa zaidi na waliridhika zaidi na maisha yao ya kazi, na waliozidi katika bidii waliridhika na kazi zao vilevile. Mahali mtu alipoanzia palikuwa na uzito wake, na safari aliyokwenda ilikuwa na uzito wake mwingine, juu ya ule wa kwanza.

Lakini kipi kilitangulia?

Msomaji mwerevu atatuuliza: mnajuaje kwamba tabia ndiyo iliyoleta mapato? Labda kijana alipata kazi nzuri kwanza, ndipo akatulia. Swali zuri. Ukweli ni kwamba mambo huenda pande zote mbili. Mtu akipewa kazi yenye saa maalum na watu wanaomtegemea, hujifunza uangalifu hata kama hakuzaliwa nao. Na njaa, kwa upande wake, humfanya mpole awe mkali.

Njia moja ya kupata jibu ni kura. Unachukua watu wanaofanana, unapiga kura, nusu wanafundishwa na nusu hawafundishwi, kisha unangoja. Jambo hilo lilifanywa mjini Lomé, mji mkuu wa Togo, kwa wafanyabiashara wadogo 1,500, watu wa aina tunayoiona katika kila soko letu. Mia tano hawakufundishwa kitu. Mia tano walifundishwa biashara ya kawaida: kuandika hesabu, kupanga bei, kutangaza bidhaa. Mia tano wa mwisho walifundishwa tabia: kuanza jambo bila kungoja kusukumwa, kuangalia mbele, kujitofautisha na jirani badala ya kumwiga, na kutokata tamaa kikwazo kinapotokea. Masomo yalikuwa ya wiki chache darasani, na baadaye mwalimu alimtembelea kila mmoja kwenye biashara yake.

Waliwafuata kwa zaidi ya miaka miwili, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Faida ya waliofundishwa tabia ilipanda kwa asilimia 30 kuliko wasiofundishwa. Waliofundishwa hesabu walipanda kwa asilimia 11, kiasi ambacho watafiti walisema huenda ni bahati tu. Akina mama waliofundishwa tabia walipanda hata zaidi, asilimia 40. Mmoja wao alikuwa akikodisha nguo za arusi. Aliona kwamba bibi arusi hahitaji gauni peke yake, akaanza kuuza shela na glavu pia. Jambo dogo kama hilo! Lakini kabla ya mafunzo alikuwa akingoja mteja aje aombe gauni, basi.

Hatusemi tuache kufundisha hesabu. Kikundi bila daftari ni ugomvi unaongoja siku yake. Tunasema kwamba semina nyingi zinazoletwa vijijini hufundisha daftari na kusahau yule anayelishika.

Vijana wa Monrovia

Mfano ambao sisi wenyewe tumeufikiria zaidi unatoka Liberia. Vita viliisha huko mwaka 2003, na mji mkuu, Monrovia, ukabaki na vijana wengi wanaume waliokuwa wakiishi kwa kuiba, kuuza dawa za kulevya na kupigana. Wengine walikuwa wamebeba bunduki wakiwa watoto. Kama kuna watu ambao ungesema "ndivyo walivyo", ni hawa.

Wanaume 999 kati yao walikubali kuingia katika uchunguzi. Kwa kura wakagawanywa mafungu manne. Fungu moja lilipata mafunzo ya wiki 8, fungu la pili likapewa dola 200 za Marekani taslimu, la tatu likapata yote mawili, na la nne halikupata kitu. Mafunzo yalifanywa katika vikundi vya watu kama 20, mara tatu kwa wiki, na baadhi ya walimu wenyewe walikuwa wamewahi kuishi maisha hayo hayo. Hawakuhubiriwa. Walipewa kazi za kufanya: leo nenda ukanyoe nywele, fua nguo zako, fagia unapolala. Kesho ingia dukani au benki, uzungumze na mtu kwa heshima, kisha uje utuambie ilikuwaje. Mtu akikutukana, ondoka kwanza, pumua, ndipo uamue. Wengine walifukuzwa mlangoni kwenye benki na kurudi kwa wenzao wakiwa wamevunjika moyo. Wakatumwa tena.

Baada ya majuma machache wizi na ugomvi ulipungua sana. Lakini subiri. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa pesa tu walikuwa wamerudi karibu palepale walipokuwa, na wengi walikuwa wameibiwa pesa hizo. Waliofundishwa tu, manufaa yao yalikuwa yamefifia. Waliopata yote mawili ndio walioshika njia mpya. Miaka 10 baada ya mafunzo watafiti waliwatafuta tena, na fungu hilo la tatu bado lilikuwa likitenda makosa hayo karibu nusu tu ya wale wa fungu la nne.

Kwa nini pesa na mafunzo pamoja? Watafiti wanadhani kwamba zile dola 200 ziliwapa vijana miezi kadhaa ya kuishi kama mtu mpya: kuvaa vizuri, kununua bidhaa kidogo, kuuza, kuonwa na majirani wakiuza. Miezi hiyo ilikuwa ya mazoezi. Bila pesa, njaa iliwarudisha barabarani kabla tabia mpya haijakaa. Jambo hili linatufaa sana sisi tunaopenda kumwambia mtu "badilika kwanza, ndipo tukusaidie." Katika Monrovia hayo mawili yalihitajiana.

Kikundi kifanye nini?

Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mwingine, uliofanywa Marekani. Wanafunzi wa chuo waliotaka kubadilisha tabia zao walichagua kila wiki vitendo vidogo vya kufanya, kwa muda wa wiki 15. Waliovitenda walibadilika. Waliovichagua wasivitende hawakubadilika, na wengine walirudi nyuma kuliko walipoanza. Ahadi tupu, kumbe, ina madhara yake. Kwa hiyo yule anayesimama mbele ya mkutano, analia, anaapa kwamba ameacha, hajafanya bado lolote la kuhesabiwa. Msimkatae, lakini msimpigie makofi pia. Mpeni kazi.

Kazi ya namna gani? Ndogo, ya wiki hii, yenye shahidi. Kwa mfano, yule aliyekula pesa zamani asipewe sanduku. Apewe kukusanya majina ya waliohudhuria na kufika nusu saa mapema kufungua chumba. Baada ya miezi mitatu ya kufika mapema, apewe kuhesabu pesa pamoja na mwingine, mbele ya wote. Kikundi kisichompa mtu nafasi ya kutenda uaminifu hakiwezi kujua kama ameupata.

Ukitazama vizuri, vikundi vyetu vimejengwa kwa namna hii tayari. Ule mtindo wa akiba wa vijijini ulioanzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na ambao sasa uko Kenya nzima, una mkutano wa siku maalum, kiasi maalum cha akiba, faini ya kuchelewa, na sanduku la kufuli tatu ambazo funguo zake ziko kwa watu watatu. Wengi hudhani haya ni ya kulinda pesa tu. Ni mazoezi pia. Mtu anayefika Jumanne saa nane kamili kwa miaka mitatu, na hisa yake mkononi, amefanya zoezi la uangalifu zaidi ya mara 150. Ndiyo maana kikundi kinachosamehe faini kwa kuonea haya wakubwa kinajinyima jambo kubwa kuliko shilingi 20.

Tuweke wazi mambo mawili kabla hatujamaliza nafasi.

Kwanza, ulevi uliomkamata mtu, na huzuni nzito isiyomwacha aamke kitandani, ni magonjwa. Mtu wa namna hiyo apelekwe hospitali au kwa mshauri aliyesomea. Kumwambia ajikaze ni kama kumwambia mgonjwa wa malaria ajikaze.

Pili, tabia haileti mvua. Mahindi ya mwenye bidii na ya mvivu hukauka pamoja, na mkulima mwangalifu anaweza kulala njaa mwaka ambao bei imeanguka. Mabadiliko tuliyoyataja, hata yale ya Lomé, ni ya wastani, na kwa mtu mmoja mmoja mara nyingi huwa madogo. Mtu akituambia kwamba maskini ni maskini kwa sababu ya tabia zao, tumwulize kama ameona shamba lao lina ekari ngapi.

Kwa vikundi vinavyotaka kujaribu, daftari la mahudhurio linatosha. Kabla ya kupiga kura juu ya mkopo au cheo, karani asome ya miezi sita iliyopita kwa sauti: fulani alihudhuria mara ngapi, alichelewa mara ngapi, alilipa lini alichosema atalipa. Kisha asome ya miezi sita iliyotangulia hiyo. Mwenyekiti asiruhusu mtu kusema habari za zamani zaidi mpaka hesabu hizo mbili zilinganishwe mbele ya mkutano, na mwenye kuombewa awepo asikie.